Nani Alimlilia Nyieka

Jumatano, 5 Aprili 1989

Mvua tangu alfajiri. Omena, dagaa wa ziwa letu, hazijakauka. Nimezirudisha ndani kwenye magunia na sasa nyumba yote inanuka. Rosa, mke wa mwanangu, amekunja pua. Nimemwambia harufu hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yake. Amekunjua.

Saa nane binti mwenyewe ameteremka barabarani hapa Kisian na sanduku lake. Akinyi. Hakuandika kwamba anakuja. Si likizo. Nguo zimelowa, viatu mkononi. Nimemuuliza kuna nini chuo kikuu. Amesema wamefunga. Mimi nina redio. Chuo kikifungwa redio husema. Redio haijasema kitu.

Anadanganya. Nimemwacha ale kwanza.

Alhamisi, 6 Aprili

Amelala mpaka saa nne. Nimegonga mlango kwa mwiko.

Ijumaa, 7 Aprili

Nimemkuta Rosa akipekua daftari hili. Atapekua bure. Yeye anasoma Biblia yake ya Dholuo tu. Kiswahili kilichoandikwa kinamshinda, na ndiyo sababu naandika kwa Kiswahili. Mimi nilikizoea Kisumu mjini, miaka kumi na tisa kwenye nyumba za reli, mlango kwa mlango na Waluhya na Wanubi na Wakamba, marehemu mume wangu akifanya kazi ya kufunga mabehewa. Kuandika nimejifunza juzi tu, darasa la gumbaru, wajukuu wakiwa tayari wanatembea. Mwalimu wetu alisema mkono usioandika kila siku hurudi porini. Wangu haujarudi.

Sokoni nimeulizwa tena Akinyi anasomea nini. Kila mtu hapa ana mtoto wa sheria, mtoto wa ualimu, mtoto wa dawa. Wangu anasomea kuandika na kusema mbele ya watu. Ndiyo. Kusema. Wana jina lake, retoriki. Miaka mitatu! Nilipoambiwa mara ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwetu mtoto asiyejua kusema hupewa ng'ombe achunge. Hatumpeleki mbali kwa basi siku nzima.

Sokoni nimesema anasomea mambo ya serikali.

Jumapili, 9 Aprili

Ukweli umetoka. Tumetoka kanisani, Rosa akalifungua sanduku la msichana alianike lisiote ukungu, akapata barua ya chuo. Ya Kiingereza. Akinyi amelazimika kutusomea mwenyewe, amesimama mlangoni kama mtu wa kortini.

Wamemrudisha nyumbani. Mtihani ulikuwa kuandika hotuba ya kumuaga mtu aliyekufa. Ya kwake ikawa nzuri kupita kiasi. Walimu wakakutana. Wanasema si yake, ameinakili kitabuni. Akae nyumbani mpaka kamati iamue. Akionekana ana hatia anafukuzwa kabisa. Umebaki mwaka mmoja tu.

Rosa ameanza kulia. Mimi sikulia. Nimemwambia msichana, hebu nisomee hiyo hotuba, kwa lugha ninayosikia.

Amesoma kidogo tu. Nikajua.

Jumatatu, 10 Aprili

Sijawahi kukasirika hivi tangu mwaka ule waliponiibia wavu.

Nyieka ni mke mwenzangu. Yeye alikuwa mke wa kwanza, mimi wa pili. Miaka thelathini na tisa nilimwita nyieka naye akaniita nyieka, maana ndivyo wake wenza wanavyoitana kwetu, na jina lake halisi, Anyango, nililitaja tu nikiwa na hasira. Yaani kila siku. Amekufa Desemba. Siku ya kumzika nilitoka kwangu mbio kama desturi inavyotaka, nikalizunguka boma lake nikimlilia kwa maneno. Watu waliacha uji. Nilimwambia amenitoroka katikati ya ugomvi. Nilimwambia mume tuliyegombania siku hizi ni picha ukutani, na sasa hata wa kudai nusu ya picha hayupo. Nilitukana sufuria zake. Nilitukana uchoyo wake wa chumvi. Nikasifu ile mikono yake iliyowapokea watoto wangu wawili mkunga alipochelewa.

Hayo ndiyo niliyosema. Jinsi nilivyoyasema siandiki, hata hapa. Kilio kina maiti wake. Maiti akishaingia ardhini, watu wakishanyolewa, kilio kimefungwa. Anayekirudia bila maiti anatafuta maiti mwingine.

Na Akinyi amefanya nini? Alikuwa amesimama hapo Desemba na masikio yake makubwa. Akayabeba yote mpaka chuo. Akamtoa Nyieka ndani yake akamtia msichana wa bweni lao anayeitwa Jane. Jane mzima! Jane anakula mkate huko saa hii. Picha ya mume imekuwa picha ya mchumba. Sufuria zimekuwa viatu vya dansi. Chumvi imekuwa marashi. Lakini mwinuko na mteremko ni ule ule, pale nilipopumua ndipo alipopumua, pale nilipowapiga watu kofi ndipo alipowapiga.

Nimemwambia: umemwibia maiti, umemwibia mzee, na umemlilia mtu aliye hai. Siku moja, dhambi tatu. Mwizi wa kuku ana aibu kuliko wewe.

Akachukua ndoo akaenda ziwani.

Jumanne, 11 Aprili

Jua kali. Omena zimekauka. Sisemi na mtu.

Jumatano, 12 Aprili

Nimemfanya anisomee barua tena. Kuna mahali nilitaka kusikia vizuri. Wanasema maneno hayo lazima yawe ya mwandishi aliyesoma sana na kuandika miaka mingi.

Mwandishi aliyesoma sana. Ni mimi huyo, wa gumbaru, mwenye magamba kwenye kucha.

Nimemwambia arudie. Akarudia. Bado nimekasirika, lakini nimekula ugali wote.

Alhamisi, 13 Aprili

Kumbe kuna jingine. Walipombana aliwaambia kwamba maneno ni yake. Kwamba aliyatunga hapa nyumbani, akamlilia nayo bibi yake, yaani Nyieka, Desemba, kabla ya mtihani. Boma zima lilisikia, kasema. Muulizeni bibi yangu mwingine, kasema, alikuwepo, alisimama kando anasikiliza.

Mimi. Nilisimama kando. Nasikiliza!

Sasa mwalimu mmoja atakuja Kisumu kwa shughuli zake, na kamati imemwambia apite hapa aulize. Atamuuliza Rosa, Rosa atasema chochote kinachomwokoa mtoto wake. Atamuuliza Akinyi, amekwisha sema. Halafu ataniuliza mimi. Mwanangu Owino, baba yake Akinyi, yuko kiwandani kwenye sukari na hatakuwepo, wala angekuwepo asingesema.

Kwa hiyo ni mdomo wangu tu. Nikisema ni ya Akinyi, anarudi shule. Nikisema ni yangu, anafukuzwa.

Ameniomba kando ya jiko, macho chini. "Dani, ni neno moja tu." Dani ni nyanya kwetu. Nimemwambia kama ni moja tu, aende alitunge.

Ijumaa, 14 Aprili

Nimechukua daftari lake la shule nikamwambia anieleze wanachofundishwa huko, kwa kuwa kuiba anajua bila mwalimu. Amenieleza, ananung'unika. Ati wiki mbili walisoma jinsi ya kuanza hotuba. Kuanza tu. Mimi nikianza watu wanajua nimeanza. Wiki nyingine jinsi ya kumfanya msikilizaji akuamini. Wiki nyingine jinsi ya kunyamaza katikati ya maneno, na kuna maksi za kunyamaza.

Halafu akasema mwalimu huwafundisha kuangalia vitu vitatu: anayesema, kinachosemwa, na anayesikia. Nimemwambia viwili vya kwanza vinatosha.

Ameniangalia kwa jicho ambalo sikulipenda.

Jumamosi, 15 Aprili

Rosa amenijia nikitengeneza wavu. Amepiga magoti kwenye tope. Mwanamke mzima.

"Mama," kasema, "maneno hayaliwi. Mpe mtoto."

Nimemwambia kama hayaliwi mbona ameyaiba?

Ameinuka bila kujipangusa. Amesema Nyieka angempa. Hapo nimemtupia kigoda. Sikumlenga. Lakini ni kweli. Nyieka alikuwa mchoyo wa chumvi tu.

Jumatatu, 17 Aprili

Nimejaribu. Sitaficha hapa. Nilikuwa peke yangu ziwani nikingoja mashua za omena zirudi, nikasema kwa sauti: Ni ya Akinyi. Mimi nilisimama kando. Nikasema tena. Mara ya tatu nikahisi kama nimekula udongo.

Mwanamke aliyekuwa karibu na karai lake akaniuliza nasema na nani. Nikamwambia ashike karai lake.

Nina hasira na huyu mtoto kwa sababu amenifikisha hapa. Nampenda, na nina hasira. Miaka yote ile nilinyimwa shule nikasema vizuri hivyo hivyo. Siku za msiba ndiyo siku zangu. Wengine wana shamba la mama yao, wengine wana ng'ombe. Mimi nikifa watu watasema, alijua kulia. Sasa nimpe hata hilo?

Na akifukuzwa, arudi hapa kufanya nini? Kuanika omena na mimi?

Jumatano, 19 Aprili

Barua. Mwalimu anakuja kesho. Rosa amefagia mpaka nyuma ya choo.

Alhamisi, 20 Aprili

Naandika kabla sijasahau mpangilio wake.

Alikuja saa tano kwa miguu kutoka barabarani, ameshika viatu visichafuke. Mtu wa Ukambani. Mfupi, ana adabu, Kiswahili safi. Wanamwita Daktari. Rosa alitaka kumwonyesha goti lake linalouma, Akinyi akamvuta nguo. Tulimpa samaki na ugali wa mtama. Alikula kwa mkono, akachambua kichwa vizuri. Nilianza kumheshimu, nikajizuia.

Aliponawa akaniuliza. Aliniuliza mimi kwanza, si Rosa.

"Mama, nimeambiwa kilio hiki Akinyi alikitoa hapa kwenu Desemba. Ni kweli?"

Rosa akaruka. "Kweli kabisa, Daktari! Tulilia wote!"

Nikamwambia Rosa hajaulizwa. Nikamuuliza mgeni, "Wewe ndiye uliyesema yametoka kitabuni?"

"Ndiyo, mama."

"Kitabu gani?"

"Sikijui. Nimekitafuta sana. Lakini aliyeyapanga maneno yale ameifanya kazi hiyo maisha yake yote. Msichana wa miaka ishirini na mbili hawezi."

Moyo ulinivimba. Naandika jinsi ulivyokuwa. Mtu wa vitabu ametafuta kwenye vitabu vyake vyote na mimi niko hapa, nimekaa mbele yake kwenye mkeka.

Akaniomba nimsemee kidogo nilichokisikia siku ile, hata mistari miwili, Akinyi amtafsirie.

"Una maiti?" nikamuuliza.

"Hapana, mama."

"Basi huna kilio. Ukitaka kusikia, kufa, nitakuja kwenu Ukambani kwa gharama yangu."

Alicheka. Akinyi hakucheka. Alikuwa anaangalia mkeka na vidole vyake vya miguu vilikuwa vimekunjamana kama alipokuwa mtoto anangoja kudungwa sindano. Niliviona. Siwezi kusema sikuviona.

Mwalimu akaacha kucheka. Akauliza mara ya mwisho, polepole. "Mama, ni maneno ya nani?"

Nikasema ni yangu. Nilimlilia mke mwenzangu. Huyu alikuwa amesimama kando.

Rosa akapiga yowe kama kuna aliyekufa kweli. Mwalimu akafunga macho kidogo. Nadhani hakutaka jibu hilo.

Ndipo Akinyi aliposimama. Mtoto huyu hajawahi kunijibu tangu azaliwe. Nilijua atalia. Hakulia.

"Umeridhika, Dani? Sasa hata chuo kikuu watajua una mdomo."

Nikamwambia akae. Hakukaa. Akasema, na nayaandika kama nilivyoyasikia, kwamba nyumba hii hakuna mtu aliyewahi kumaliza kusema mbele yangu. Mama yake akianza namkata. Baba yake amekaa kwenye sukari miezi minne kwa mwezi mmoja wa nyumbani, na si kazi inayomweka huko. Babu alikufa na neno mdomoni kwa sababu mimi nilikuwa naeleza wageni jinsi anavyoumwa. "Nilienda mbali nitafute mahali pa kusema ambapo wewe hupo. Nikasoma miaka miwili. Siku ya mtihani nikafungua mdomo wangu, na aliyetoka ni wewe! Unaniita mwizi? Wewe ndiye ulianza. Umechukua maneno yote ya boma hili, hukuniachia hata la kuombea chumvi."

Nilikuwa nimesimama. Mkono ulikuwa juu. Mbele ya mgeni. Sikumpiga kwa sababu hakusogea. Alinyoosha uso wake kabisa, nipige.

Mkono nikaushusha.

Mwalimu akasema, kwa sauti ya chini, "Akinyi. Hayo ya sasa, umeyatoa wapi?"

Akasema hakuyatoa mahali.

"Basi yaandike."

Amesema hawezi kuficha. Ataiambia kamati kwamba alichukua kisicho chake na akasema uongo juu yake, na kamati ni kali. Lakini atakuwa kwa ndugu yake Kisumu mpaka Jumamosi. Chochote atakachoandika kabla ya hapo, yeye atakibeba kwa mkono wake na kuwaomba wakisome.

Kisha akaniaga kwa mikono miwili. Akaniambia, "Mama, pole."

Pole ya nini? Nimetukanwa nyumbani kwangu, mgeni amekula samaki wangu, kisha amesema matusi yaandikwe.

Ijumaa, 21 Aprili

Anaandika. Kwenye meza yangu. Amenipa mgongo.

Nimeweka chai pembeni yake. Hakuigusa. Ilipopoa nimeinywa mimi.

Nilitaka kumwambia babu yake hakufa na neno mdomoni. Nimefikiri juu ya siku ile mchana kutwa. Wageni walikuwa wengi. Siwezi kuapa.

Jumamosi, 22 Aprili

Ameondoka saa moja asubuhi, karatasi ndani ya mfuko wa unga zisilowe. Alimuaga mama yake. Aliaga hata mbwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

Jumanne, 25 Aprili

Rosa hasemi nami. Ananiwekea chakula kwenye kigoda nje ya mlango na kwenda. Ananilisha kama mfungwa. Chakula chenyewe hakina kosa, na hilo linaniudhi zaidi.

Jumapili, 30 Aprili

Kanisani wamesikia. Nani amewaambia sijui, labda yowe la Rosa lilitosha. Mama wa kwaya amenishika mkono nje, ananiambia kwa upole kwamba kiburi hutangulia maanguko. Nimemwambia aanguke yeye, ana mwili wa kutosha.

Lakini njiani nimetembea peke yangu. Wengine wanasema nimemtupa mjukuu kwa ajili ya sifa. Wengine wanasema nilifanya vizuri, ukweli ni ukweli. Hawa wa pili ndio wananikera sana. Wao hawakuviona vile vidole.

Nina hasira na chuo. Nina hasira na Rosa. Nina hasira na Nyieka, aliyekufa na kuniachia maneno mazuri kuliko niliyokuwa nayo akiwa hai. Mimi mwenyewe nimejiacha wa mwisho kwenye orodha, lakini nipo.

Ijumaa, 5 Mei

Msiba kwa jirani. Mzee wa upande wa juu. Wamekuja kunichukua nilie, kama siku zote. Nimefika mpaka langoni mwao. Mdomo nimeufungua. Kabla sijasema neno nimewaangalia waliosimama, nikaona kwamba mke wa marehemu alikuwa amekwisha anza mwenyewe, kwa sauti ndogo mbovu, na anaelekea kunyamaza kwa sababu mimi nimefika.

Nimesimama kando. Nimemsikiliza mpaka mwisho. Hajui kulia hata kidogo. Watu walinitazama sana.

Nimerudi nyumbani na maumivu ya kifua. Si ugonjwa. Ni maneno yamebaki ndani.

Jumatano, 24 Mei

Barua ya Akinyi imefika kwa mama yake, kwa Dholuo. Rosa hakunipa. Lakini ametoka nje, akawamwagia kuku mtama, akawasomea kuku barua yote kwa sauti kubwa, mimi nikiwa hatua tatu kutoka hapo.

Hawakumfukuza. Mtihani wamempa sifuri. Atarudia mwaka wote. Atasimama mbele ya darasa lake aseme alichofanya. Kamati ilisoma karatasi za mfuko wa unga, walibishana siku mbili, mwisho mzee wao akasema aliyeandika hizi hahitaji kuiba, basi afundishwe asiibe.

Rosa aliporudi ndani nimemwambia kuku wamefurahi. Amefunga mdomo kwa mkono. Nadhani alicheka.

Mwaka mzima tena. Sawa.

Ijumaa, 9 Juni

Nimeletewa bahasha na kijana wa kwaya aliyetoka huko chuoni. Jina langu limeandikwa juu, jina langu kamili, si Dani. Ndani kurasa saba. Hakuna salamu, hakuna barua. Ni zile karatasi, amezigeuza Kiswahili, kwa herufi kubwa zilizoachana kama za kitabu cha gumbaru. Nisiombe mtu anisomee.

Sikuanza leo. Nimeziweka chini ya godoro.

Jumapili, 11 Juni

Sikwenda kanisani. Nimeweka kigoda mlangoni penye mwanga nikasoma kwa kidole.

Ukurasa wa kwanza mpaka wa tatu ni yale aliyonirushia mbele ya mwalimu, lakini yamekaa vizuri zaidi. Nilisimama mara nyingi. Nilitafuta maneno yangu ndani yake, nione kama ameiba tena. Nimetafuta kama mtu anayechambua mchele. Sikupata hata moja. Yeye hawapigi watu kofi. Anakwenda taratibu, na unapofika ndipo unagundua umefika.

Wa nne anasema juu ya mazishi. Anasema Dani alilia kwa maneno bila chozi hata moja, na watu wakamsifu. Ni kweli. Anasema watu walipokwenda kula alinifuata, alitaka kuniambia nilisema vizuri. Akanikuta nyuma ya jiko la Nyieka, nimekaa chini kwenye majivu, nimeiuma leso ya Nyieka kwa meno isitoke sauti, mwili wote unatikisika. Hakuna neno lililokuwa likinitoka, anasema. Alisimama hapo muda mrefu. Kisha akarudi kinyumenyume, polepole, asikanyage kijiti. Hakumwambia mtu. Anasema hicho ndicho angepaswa kukiandika siku ya mtihani, lakini kilikuwa changu, akaona aibu kukichukua.

Nilidhani niko peke yangu.

Nimesoma hapo mara mbili. Halafu nikakaa tu, kurasa tatu za mwisho bado sijazigusa. Ziwa lilikuwa limetulia, mashua hazitoki Jumapili. Rosa alikuja na ndoo ya maji, akaona karatasi kwenye paja langu.

Nimesogeza kigoda apite.